Kumi na Nne

Asubuhi ile Tuulikki aliingia kiwandani, Kotka,
theluji ingali mabegani,
akawasha kompyuta, nayo ikamwita Tatu.

Miaka kumi na tisa alikuwa Kumi na Nne.
Aliiandika mwenyewe, kwa kidole kimoja,
kwenye kisanduku kilichoachwa wazi,
na printa ya ghala la pili ilimjua kwa namba hiyo
kama mbwa anavyoijua hatua ya mwenye nyumba.

Sasa namba zinagawiwa na mtambo:
wa kwanza kuamka ni Moja, wa pili ni Mbili.
Hakuna wa kugombana, alisema Eerikki fundi.
Kweli. Mtambo haumbagui mtu.
Wala haumjui.

Saa tatu lebo zake za shehena
zikatokea ng'ambo ya ua,
mikononi mwa kijana wa forklifti
aliyezibandika tu, maana lebo ni lebo.
Mabunda arobaini ya karatasi yakaenda Gdansk
badala ya Hull.

Eerikki akarudi mbio, koti hajavua.
"Haya, andika yako."
Akaandika. Skrini ikajibu: namba hii inatumika.

Inatumika na nani?
Wakazunguka mlango kwa mlango
hadi stoo ya rangi, chini ya turubai:
mashine aliyoiacha Aulis siku ya kustaafu,
haijazimwa tangu hapo, taa ya kijani ikipepesa.
Asubuhi hiyo ilichelewa foleni, ikawa ya kumi na nne,
ikapewa jina la watu.

Tuulikki akaweka kidole kwenye swichi.
Kisha akakiondoa.
"Nipe Kumi na Tano," akasema,
"ila niiandike mimi."