Malaika Watatu

Kando ya pua yako, upande wa moyo,
palikuwa na kichuguu kidogo cha rangi ya ngozi,
hakikuzidi punje ya shayiri,
na kileleni kitundu, kama tundu la sindano,
kilichochungulisha malaika watatu weupe,
laini kama sufu ya mwanakondoo
aliyezaliwa usiku huohuo.

"Heini," nilikwambia, mwaka ule tulioezeka paa upya kwa majani,
"kuna kondoo kajificha usoni mwako."
Ukacheka. Wewe uliyejua alama za masikio
ya kila jike na kila beberu wa Sandvík
hadi kwenye genge la ndege,
huyu alikupita zizini bila kuhesabiwa.

Kila Jumamosi ya tatu, redio ikishamaliza kutaja upepo,
ulilaza kichwa mapajani mwangu,
nikaivuta karibu taa ya kufumia,
nikashika kibanio.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
na mtu hajing'oi malaika wake mwenyewe kiooni
kwa mikono iliyoshinda kutwa kwenye mvua.
Wa kwanza: unakunja uso.
Wa pili: unamtaja shetani.
Wa tatu alikuwa mbishi, mfupi, wa kuviziwa.
Nikakupulizia pale. Basi.
Baada ya wiki tatu wamerudi, wote, weupe vilevile,
kana kwamba walitoka kidogo kununua mkate.

Miaka kumi na tisa.

Hata baridi ile tuliyonuniana kwa ajili ya Høgni,
aliyekwenda Aarhus na kutuachia boti tuiuze kwa hasara,
wiki sita, chumvi tukiombana kwa ishara,
hata wakati huo Jumamosi ilipofika
ulikuja ukalaza kichwa, kimya,
nami niling'oa, nakiri leo,
kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kisha akaja daktari mpya, binti wa Lindegaard,
akainua miwani, akasema: "Si lazima iwe saratani."
Sentensi nzima ilimwagika njiani.
Neno la mwisho tu ndilo lililopanda feri pamoja nasi
saa mbili hadi Tórshavn,
likakaa katikati yetu,
halikunywa kahawa.

Sindano ya ganzi. Kisu. Nyuzi mbili.
Wakakitia ndani ya kichupa chenye kifuniko cha manjano,
wakaandika jina lako juu yake,
mimi nikakitazama kikielea:
Heini mdogo, mwenye ndevu.

Siku kumi na moja baadaye simu ililia.
Jina lake ni refu, la Kilatini, sikulishika.
"Haina neno," alisema. "Ni nadra, ila haina neno.
Ni kinyweleo kimoja kilichosahau kwamba ni kimoja.
Kimezaa vinyweleo vidogo pembeni pande zote,
kila kimoja kikasuka unywele wake,
na wote wakatokea mlango mmoja."
Nikashukuru. Nikaweka simu.
Nikasimama jikoni nikiwawazia
watu wengi kiasi kile, nyumba finyu kiasi kile,
miaka yote wakiishi mle bila kumdhuru mtu.
Sisi tulipata mmoja, naye akaondoka.

Sikukwambia hayo. Nilikwambia: "Si kitu."
Ukatoka kwenda kuwaangalia kondoo,
na nilikuona dirishani
ukijipangusa macho kwa mkono wa sweta,
ukisingizia upepo.

Jana ilikuwa Jumamosi ya tatu.
Redio ilitaja upepo. Ukaja, ukalaza kichwa,
labda kwa mazoea, labda la.
Pale pamebaki mstari mwembamba, unaong'aa,
kama njia ya konokono.
Nilipapitishia kidole. Palinyamaza.

"Billa," ukasema, macho umefumba, "kuna kitu?"

Nikawasha taa.
Nikatafuta kwenye nyusi, kwenye kidevu,
hatimaye ndani ya sikio nikakuta unywele mmoja,
mweusi, usio na kosa lolote duniani.

"Kuna," nikasema. "Tulia."