Mtu wa Tatu

Loredana wa Ferrara, miaka sitini na saba,
alinunua Suzuki ya milango mitatu
kwa Swabir wa Barani.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
gari hili halikujiuza wala halikujitembeza,
lilikaa tu uani
kuku akiatamia kiti cha nyuma.

Fundi Ngumbao alilala chini yake nusu saa
akatoka na kutu kwenye nyusi.
"Injini ni nzima. Bodi imeliwa na chumvi.
Mama, usiioshe kwa nguvu.
Rangi ndiyo inayoishikilia."

Bei ilianzia laki tano na nusu.
Swabir akaapa kwa kaburi la mamake,
na mamake yuko jikoni, anachoma mahamri.
Wakafunga laki tatu na themanini.
Kuku hakuwemo kwenye bei.

Ndipo akaja kwangu, ghorofani, juu ya duka la aiskrimu,
na logbuku, na PIN ya kodi, na pasipoti,
na Kiswahili chake kinachotembea kwa magongo.
"Nataka bima yote," akasema. "Yote yote."

Nikahesabu umri wa gari kwa vidole, vidole vikaisha.
Haiwezekani, mama.
Gari likishapita miaka kumi na mitano
kampuni yangu haijui moto, haijui mwizi,
haijui mti wala mtaro.
Nitakukatia ya mtu wa tatu tu.

"Mtu wa tatu nani?
Mimi moja. Gari mbili. Tatu nani?"

Nimeuza bima miaka kumi na tisa,
nimewauzia mahakimu, wenye mahoteli, hata mapadri,
wote walitia saini hapo hapo
na hakuna aliyeuliza.

Nikamwambia: wa kwanza ni wewe, wa pili ni kampuni.
Wa tatu hana jina bado.
Labda saa hii anakunywa chai Maweni.
Labda yumo kwenye tuktuk isiyo na taa.
Labda mama yake hata mimba hajaibeba.
Ni yule utakayemgonga.

Akanyamaza.
Feni ikageuza kichwa, ikamtazama, ikanitazama.

"Basi nalipa mtu sijui."
Ndiyo.
"Na mimi, nani analipa?"

Nilitaka kusema Mungu,
lakini hilo si jibu la ofisini.
Nikasema: wote waliomo barabarani.
Kwao wao, mtu wa tatu ni wewe.

Alicheka mpaka akavua miwani.
Kisha akainamia fomu.
Kwenye *makazi ya kudumu* aliandika Ferrara,
akakata,
akaandika Casuarina, akakata,
akabaki ameshika kalamu.
Nikampa fomu nyingine, sikumwangalia alichojaza.

Miezi minne sikumsikia. Nilimwona tu, mara moja,
amesimama kwenye mzunguko
akiwapisha watu, baiskeli, mbuzi, mkokoteni wa maji,
nyuma yake honi zinamtukana,
naye anampungia mkono kila apitaye
kama mtu anayejuana na wote.

Halafu Jumanne moja ya mvua za Mei
akapanda ngazi amelowa chapachapa,
amekumbatia nazi.
Akaiweka juu ya faili zangu.
"Huyu ndiye," akasema. "Mtu wa tatu."

Nikachungulia dirishani. Boneti ilikuwa imebonyea
kama mto aliolalia mgonjwa.
Kwa mazoea tu nikauliza:
Mnazi wa nani?

"Mnazi ni wangu," akasema,
na kwa mara ya kwanza sarufi yake haikuyumba.

Hakuna kifungu kinacholipa hilo. Nilisoma, nikarudia,
hata maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho.
Nikaazima mbuzi kwa fundi cherehani mlango wa pili,
tukaikuna ile nazi pale pale mezani,
machicha yakarukia risiti.

Mvua ilipokatika, chini barabarani,
kunguru alitua juu ya Suzuki,
akatazama kushoto, akatazama kulia,
akanywa maji yaliyotuama kwenye ule mbonyeo.