Wakati Uliopo

Siku ya kwanza, Kibokoni, ghorofa ya pili,
Bi Mejumaa aliniambia, "Ndoo."
Nikashuka kutafuta ndoo.
Nikarudi na ya buluu, maji nusu,
wakacheka hadi karani akavua miwani.
Kumbe aniita: njoo, mwanangu, keti.

Nilitoka Kasulu na cheti cha haki za binadamu,
nikapigwa mhuri Lungalunga, miezi mitatu,
nikidhani lugha ni ile ile,
sina cha kujifunza ila njia za mjini.
Kumbe njia yenyewe hapa ni ndia,
njaa ni ndaa,
na mimi, mwenye Kiswahili cha redio,
ni mgeni ndani ya mdomo wangu.

Kazi yangu ilikuwa fomu.
Fomu namba nne, ya waliochukuliwa.
Jina. Umri. Alivaa nini. Gari rangi gani.
Nikaandika: Swabri alikuwa fundi wa friji.
Alipenda samaki wa kupaka.
Bi Mejumaa akataka nimsomee.
Alisikiliza kama anayechagua mchele,
akaokota jiwe:
"Alipenda? Nani alokwambia?
Mwanangu yuwapenda. Yuwala. Yuwatengeza friji za watu.
Yuna ndaa huko aliko.
Hiyo -li- yako itoe."

Nikaitoa. Ukurasa mzima.
Mwalimu wa sarufi hakunidokeza
kwamba kiambishi chaweza kuzika mtu.

Rukia, mkewe, yeye aliuliza moja tu:
"Na mimi tiki naitia wapi?"
Ameolewa. Mjane. Ameachwa.
Hakuna maiti, hakuna eda.
Hakuna talaka.
Miezi kumi na tisa
hajui apake hina au aache.
Nikafungua kinywa kueleza sheria,
ninazo kurasa mia mbili za sheria.
Wakili Zulekha akanikanyaga chini ya meza,
taratibu,
akammiminia Rukia kahawa, akanyamaza naye.
Kikombe cha pili, cha tatu.
Nilihesabu dakika. Sikujua bado kuwa ndiyo kazi.

Yesenia alitoka Kolombia,
Kiswahili chake maneno thelathini,
ishirini kati yake vyakula.
Alipokabidhiwa picha ya Swabri
hakuibana kwenye faili kama nilivyoibana mimi.
Aliishika kwa mikono miwili, kifuani,
uso ukitazama nje.
"Kwetu, hivi."
Bi Mejumaa alimwangalia kitambo,
kisha akaenda kusimama kando yake, bega kwa bega,
kama waliokutana zamani kwenye foleni moja.

Na kwetu je?
Kwetu aliyefikwa na jambo hushikwa mkono,
haachiwi upesi, wala haulizwi upesi.
Nilikuwa nimeusahau mkono huo
tangu nifundishwe kuuliza kwa mpangilio.
Nimeusafiria hadi baharini kuukumbuka,
na sijui nimshukuru nani.

Ripoti ilirudi kutoka Nairobi, wino mwekundu pembeni:
*Nyakati zimechanganyika. Sahihisha.*
Nilishika kifutio, kweli nilikishika.
Wakili Zulekha akaichukua karatasi,
akaandika chini kwa kalamu yake ya kijani:
Ni kweli. Zimechanganyika.
Akaituma vilevile.

Mhuri wangu waisha Ijumaa.
Jana nilikwenda kuaga, nyumbani kwao, Majengo.
Mlangoni nikasikia, "Ndoo,"
nami nikaenda, bila ndoo,
nikavua viatu, nikanawa.
Wali wa nazi, samaki wa kupaka, ndimu.
Rukia alikaa karibu na dirisha. Kidole kimoja tu
alikuwa amekipaka hina.
Tulikuwa wanne, sahani tano.
Ya tano imefunikwa kawa.
Tukala, tukazungumza habari za bei ya umeme,
na hakuna aliyeifunua.