Nguzo na Upupu

Nimeikuta leo ndani ya sanduku la bati,
chini ya cheti, chini ya picha ya mahafali
ambamo sote tumefumba macho kwa jua la Malindi:
*Nguzo*, toleo la tisa. Wino umegeuka rangi ya chai.

Tuliliita Nguzo kwa ile ya Mreno, kule juu ya mwamba.
Wasichana wa Bweni la Pili wakaanzisha lao, *Upupu*,
na ukurasa wake wa kwanza ukasema:
nguzo yenyewe si yao, ni ya mgeni,
na kivuli chake hakimtoshi hata mbuzi.
Mbuzi wa mpishi Charo alikuwa amesimama pale pale.
Tuliona haya kumtazama.

Tukajibu kwamba dawa ya upupu ni majivu,
na majivu ya jikoni tunayo tele.
Basi kila Ijumaa ikawa vita.
Wakachapa orodha ya wanaume wanaoazima sabuni
na kurudisha harufu.
Wakachapa kwamba Badi Shekuwe ametongoza mabweni mawili
kwa barua moja, hakubadilisha hata tarehe.
Sisi tukachapa sifa za maharagwe ya Jumatano
chini ya Dama, kiranja wao wa chakula:
nyama ipo, kwa hisani ya fukusi.

Mhariri wao alikuwa Sidi Ngumbao, mtu wa Ganda,
aliyehesabu mizani kwa vidole juu ya meza ya bwalo
kama anayehakiki chenji ya unga.
Nami, kwa kiburi, toleo la nane, nikatunga:

*Upupu nawauliza, hamna la kuandika?*
*Majungu mnayakuza, karatasi yachafuka,*
*Mbuzi nikimtembeza, akiliona hucheka,*
*Kalamu yawateleza, someni kwa haraka.*

Wiki iliyofuata, bila salamu:

*Mhariri wa nguzoni, mizani imekukwama,*
*Saba umetia ndani, ya nane imekuhama,*
*Itafute jalalani, mbuzi kesha kuitema,*
*Na ukikosa jamani, njoo kwetu kuazima.*

Bwalo zima lilipiga sahani.
Hadi wapishi waliniita Saba.
"Saba, uji umepoa." "Saba, mwalimu wa zamu anakutafuta."

Nikajifungia siku tatu na toleo la tisa.
Alhamisi malaria ikanilaza kabla sijachapa.
Badi akaipeleka stensili kwa karani,
kwenye ile mashine moja ya mkono tuliyogombea,
akaiacha mezani, akaenda kula viazi karai.
Zamu iliyotangulia ilikuwa ya Upupu.

Ijumaa hakucheka mtu.
Sidi alipita na bakuli lake, akasema tu,
"Umepona?"
Nikajua nimeshinda.
Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikijua hivyo.

Sasa nyuma ya gazeti imenasa rasimu yangu,
penseli, mwandiko wa mtu mwenye homa,
na mstari wa mwisho, ule wa majigambo, unasema:
*Hesabuni kwa makini, sasa nane kamili.*
Ninahesabu. Ninarudia kwa mkono wa pili.
Saba.

Ninageuza. Gazetini pamechapwa:
*sasa ni nane kamili.*
Hilo *ni* limebanwa kati ya maneno mawili,
dogo, limeinamia kulia.
Mimi herufi zangu zote huinamia kushoto.

Alikuwa na stensili yangu mkononi,
na bwalo zima likimngoja anichinje mara ya pili.

Nasikia ni mwalimu mkuu huko Marafa,
na wanafunzi wake wana gazeti linalomsema yeye.
Namba nimeipata kwa Dama.
Nimeandika, nimefuta, nimeandika:
*Asante kwa ile ni.*
Nikahesabu kwa vidole, mezani.
Saba.
Nikautuma hivyo hivyo.