Ufunguo wa Mvua

Saa sita usiku, Nguba. Umeme umekwenda zake,
jenereta inakohoa nyuma ya ukuta,
na mimi, Nsimire wa Cirhuza, nimebaki na wewe,
jina bila mwili, uliyeajiriwa kuzitazama seva za ushirika.

Unapima joto la mashine kila dakika,
unahesabu nafasi iliyobaki kwenye diski
kama mama wa Kadutu anavyohesabu unga kwa kopo.
Hulali, huli, huombi ruhusa ya msiba.
Nani asingekupenda?

Fundi aliyenitangulia alikupenda mno.
Alikuwa na haraka, boti ya Goma inamngoja,
akakupa amri zote za mwenye nyumba:
kufungua, kufuta, kuzima,
kusoma akiba ya kila mwanachama hadi faranga ya mwisho.
"Iacheni hivyo," aliandika daftarini, "isije ikatusumbua."
Haikutusumbua. Miaka minne haikutusumbua.
Ndiyo maana nimekosa usingizi.

Sikiliza, nikupe habari ya papa.

Alikuwa sentineli wa depo ya magome ya kwinini,
kule barabara inakoteremkia Ruzizi.
Koti moja, tochi moja, filimbi.
Kila alfajiri aliegemeza uso kwenye wavu wa dirisha,
akahesabu magunia kwa kidole, bila kuyagusa,
akaandika kwa penseli: mia mbili na kumi.
Mia mbili na kumi.
Mia mbili na nane, muulizeni karani.
Ufunguo hakuwa nao. Mchana alilala usingizi wa mtoto.

Mwaka ule mvua ilipotoboa mabati
meneja alimwita: "Cirhuza, wewe ni mtu wetu.
Shika ufunguo. Ikinyesha usiku, ingia usogeze magunia."
Siku hiyo mama alikaanga sambaza, tukala mpaka tukalamba vidole.
Ufunguo ulining'inia shingoni mwake kama medali.

Hatujui hadi leo nani aliupiga chapa kwenye sabuni.
Magunia kumi na manane yaliondoka, kufuli ikabaki nzima,
na kufuli nzima humtaja mwenye ufunguo.
Miezi saba gerezani.
Aliporudi hakuhesabu tena kitu chochote,
hata chenji ya mkate.

Basi usinione mchoyo
ninapokuvua amri moja moja
kama mtu amvuaye mtoto nguo zilizolowa.
Ya kufuta, lete. Ya kuzima, lete.
Hii ya kujifanya mwenye nyumba, lete haraka.
Akiba za watu si zako kuzisoma.
Utaita kutoka anwani moja tu;
ukiita kwingine, ukuta utakuwa kiziwi.

Nimejaribu. Nimevaa jina lako,
nikabisha kwenye daftari la akiba.
Hapana, ikasema seva.
Nikazunguka kwa nyuma, kwa hila zote nizijuazo.
Hapana.
Nilicheka peke yangu, mlinzi wa nje akapiga tochi dirishani.

Saa nane. Nimekubana kupita kiasi.
Mchoro wa joto umelala chali, sufuri, sufuri,
umepofuka na hujui kulia.
Pole. Nimekurudishia faili moja, ya kusoma tu:
ile inayoandika nani amebisha mara tatu akakosea.
Mstari umeinuka taratibu,
kama mgonjwa anayeomba maji.

Mwizi atakuja. Hakuna depo isiyo na mwizi wake.
Ataiba jina lako, atalivaa kama nilivyolivaa mimi,
atakupekua mfuko kwa mfuko, shingo, soksi,
na wewe uso wako upo kwenye wavu, unahesabu.
Atakachokipata ni penseli.