Kuazima Udongo

Stesheneri yangu ipo Mabatini, juu kabisa,
njia inapokoma na mawe kushika nafasi ya nyumba.
Kompyuta mbili, printa, na mashine ya kopi
niliyouziwa Igoma na mtu aliyekuwa anahama.

Ilianza na Nyanzobe. Alikuwa anapiga deki,
kiwiko kikagusa kasha la kompyuta,
akaruka. "Dada, inang'ata."
Nikamwambia avae kandambili.
Ndivyo tunavyotengeneza vitu huku:
kitu kikiuma, tunavaa kitu.

Wiki tatu tukaishi hivyo.
Mteja akija na flashi tunampokea mlangoni,
weka mezani, tutachomeka wenyewe.
Mwalimu mmoja wa Mbugani hakusikia.
Barua yake ya uhamisho ikafutika palepale,
na kidole akakitia mdomoni kama mtoto.

Nikamwita Lugwisha, fundi abebaye testa sikioni
kama seremala na penseli.
Akagusa kasha. Testa ikawaka, si sana,
wekundu wa kaa linalokaribia majivu.
Akatoa mita. "Mia na kumi na tano.
Nusu ya umeme wa mtaa imekaa kwenye bati lako."
Kwa hiyo ni mbovu?
"Nzima. Zote huvuja kidogo, zimeumbwa hivyo.
Waya mmoja unaleta, mmoja unarudisha,
wa tatu ni wa kuusindikiza mvujo chini.
Huu wako haujui pa kwenda, ndiyo maana unapita kwa watu."

Akaufuata ule wa kijani na njano ukutani,
nje, kona, nyuma ya tangi,
mpaka ulipoishia: msumari wa inchi sita
katika ufa wa jabali.

Simlaumu aliyejenga.
Hapa ukipiga jembe chini, chini inaitika kama kengele.
"Jiwe kavu halipokei," akasema Lugwisha. "Tafuta udongo."

Udongo wa karibu ni wa Mama Nkwimba,
mita ishirini na mbili kwa kuteremka,
migomba minne inayokunywa maji ya bafu lake.
Hatukuwa tumesalimiana tangu mambo ya bomba, mwaka juzi.

Nilishuka jioni. Niliangalia ziwa, upande wa Kirumba,
ili nisimwangalie yeye.
"Naomba kuazima udongo."
"Ndoo ngapi?"
"Wa kuacha hapohapo."
Akanitazama muda mrefu, kisha akacheka
mpaka akashika ukuta.
Sharti lake: orodha ya kikundi chao cha kuzikana,
kila mwezi, nakala thelathini, bila senti.

Lugwisha akazamisha fimbo ya shaba kati ya migomba,
mkaa, chumvi kilo mbili, udongo juu.
Waya tukaupitisha chini ya ngazi zake.
Nyanzobe akavua kandambili bila kuambiwa,
akaloanisha sakafu makusudi,
akaweka kiganja chote.
Bati tu. Baridi.

Sasa ni Agosti, migomba imenyauka pembeni.
Saa nne asubuhi kasha limeanza tena,
kidogo, kama mtu anayekugusa begani halafu akanyamaza.
Natoka mlangoni, naita kuelekea chini,
"Mama Nkwimba! Inatekenya!"
Hajibu.
Nasikia beseni likimwagwa.