Fagia

Pazia hili si kamera. Ni fagia ya Gikomba,
saa kumi na moja, muuzaji kachoka kubishana.
Upindoni mtu alidarizi herufi mbili, H.K.
Sikuzifumua.

Meza ilikuwa kreti za nyanya.
Kerubo alizipiga msasa wiki nzima, tukila ugali na vumbi,
na bado, jua likiingia, sebule inanuka soko.

Kochi lina miguu mitatu
na kitabu cha simu.

Mamake alipofika kutoka Nyamira
alizungusha macho, akauliza:
"Vitu vyenu vinafika lini?"

Chai yake ikapoa mezani,
yeye kashika upindo wa pazia,
anaugeuza nyuma,
anahesabu mishono.

"Huyu," akasema,
"hakuwa na haraka."